Kwa nini "meli" inaitwa meli

Mtoto wa dada yangu yuko darasa la sita. Wiki iliyopita alirudi skuli na kazi ya nyumbani: aandike maneno 10 ya Kiswahili yaliyotoka lugha nyengine. Tulikuwa barazani hapa Mpendae, baada ya Magharibi, na kwa mwanafunzi wa shahada ya pili kama mimi kazi hiyo ilionekana mchezo. Meza, shati, bendera, serikali, duka. Tukafika tisa. Akaniuliza, "Mjomba, na meli?"

Nikamwambia hapana, meli ni letu. Sisi ni watu wa pwani, vipi tukope jina la chombo cha baharini?

Jirani yetu mmoja, mzee aliyefanya kazi za bandarini Malindi ujana wake, alikuwa amekaa pembeni akisikiliza redio. Akacheka mpaka akaivuta redio chini. "Meli ni barua, mwanangu. Hukusoma wewe?"

Basi sikuwa nimesoma. Nikaenda kusoma, na makala hii ni matokeo ya aibu ile.

Mzee alikuwa sawa. Kiswahili kilikuwa na maneno ya vyombo tele: jahazi, dau, mashua, mtepe, na kwa chombo kikubwa cha kigeni, marikebu, ambalo ni la Kiarabu. Meli ya kivita tuliiita manowari, na hilo nalo ni la Kiingereza, lilikuja pamoja na mizinga. Lakini "meli" limetokana na neno la Kiingereza la mizigo ya barua, "mail". Kamusi za zamani za Kiswahili zinalieleza hivyo hivyo: meli ni stima ya posta. Kwanza liliitwa hivyo jahazi moja tu la moshi, lile linalokuja na barua. Baadaye jina likaenea kwa kila chombo kikubwa chenye injini, hata kile ambacho hakijawahi kubeba bahasha moja.

Na barua hizo zilikuwa na mwenyewe. Zililetwa na kampuni moja ya Kiingereza iliyoitwa British India Steam Navigation Company, ambayo watu wa bandarini waliifupisha kuwa BI. Ukiijua kampuni hii utaelewa mambo mengi ya Unguja ambayo kwa kawaida tunayaeleza kwa mizinga na mikataba ya masultani.

Tuanze na hali ilivyokuwa kabla yake. Bahari yetu ilikuwa na saa yake, na saa hiyo ilikuwa upepo. Kaskazi inavuma kuanzia Novemba au Disemba mpaka Machi hivi, kwa sababu bara la Asia hupoa na hewa yake nzito kusukumwa kuelekea huku kwetu ambako ni joto. Kuanzia Aprili mambo yanageuka: Asia inapata joto, hewa inavutwa kwenda kule, tunapata kusi. Jahazi la Muscat, Sur au Kutch linakuja na kaskazi na kurudi na kusi. Safari moja kwa mwaka. Mfanyabiashara wa Unguja akiandika barua kwenda Bombay mwezi wa Mei, majibu angeyatarajia msimu wa kaskazi unaofuata. Bei ya karafuu, mkopo, ndoa, habari ya msiba, vyote vilikwenda kwa mwendo huo, na hakuna aliyeuona mwendo huo kuwa wa polepole maana hapakuwa na mwengine.

Sasa, mwanzilishi wa BI hakuwa mtu wa bahari kabisa. William Mackinnon alizaliwa mwaka 1823 Campbeltown, mji mdogo wa Scotland, akaenda India kufanya biashara. Mwaka 1856 yeye na wenzake walianzisha kampuni ya stima kati ya Calcutta na Burma, na mwaka 1862 ikapewa jina la British India. Akili yake kubwa ilikuwa hii: stima ni ghali, na mizigo haitabiriki. Leo shehena imejaa, kesho tupu. Lakini serikali ikikulipa ruzuku ya kubeba barua, unalipwa meli ijae isijae, sharti ufike siku uliyoahidi. Kwa hiyo alitafuta kwanza mkataba wa posta, halafu meli, halafu mizigo. Wengi wenzake walifanya kinyume chake na wakafilisika.

Mkataba wa Unguja ulikuja 1872. Stima ya BI ingekwenda kati ya Aden na Unguja kila mwezi, ikiungana Aden na meli kubwa za njia ya India na Ulaya.

Mwaka huo huo, mwezi wa Aprili, kimbunga kilipiga Unguja. Kiling'oa sehemu kubwa ya mikarafuu na kuzamisha meli za Sultani Barghash bin Said bandarini. Barghash alikuwa na takriban mwaka mmoja na nusu tu kwenye kiti. Kwa hiyo stima ya kwanza ya posta ilipotia nanga mbele ya mji, ilimkuta mtawala asiye na meli na kisiwa kisicho na mavuno. Mwaka uliofuata, tarehe 5 Juni 1873, alitia saini mkataba wa kufunga soko la watumwa. Sisemi stima ndiyo iliyomlazimisha. Manowari zilizotishia kuuzingira mji zilifanya kazi hiyo. Nasema tu kwamba kuanzia hapo balozi wa Kiingereza, John Kirk, aliweza kuandika London na kujibiwa kabla upepo haujageuka. Ukiwa unabishana na mtu mwenye njia ya kupata amri mpya kila baada ya wiki kadhaa, na wewe huna, umeshaachwa nyuma kabla ya kufungua mdomo.

Lakini kwa nini 1872, na si 1852? Stima zilikuwepo zamani. Jawabu moja kila mtu analijua: mfereji wa Suez ulifunguliwa Novemba 1869. Kabla yake, meli kutoka London kwenda Bombay ilizunguka Rasi ya Tumaini Jema, karibu maili 10,700 za baharini. Kwa Suez zikawa kama 6,200. Aden, iliyokuwa kituo cha makaa ya mawe, ikageuka kuwa njiapanda ya dunia.

Jawabu la pili halisemwi sana, na kwa mtu wa sayansi ndilo tamu zaidi. Injini za mvuke za mwanzo zilikuwa na upotevu wa ajabu. Mvuke uliingia kwenye silinda, ukasukuma pistoni mara moja, kisha ukatolewa ukiwa bado una nguvu. Ni sawa na kuchemsha birika zima la maji kwa kikombe kimoja cha chai na kumwaga yanayobaki. Katika miaka ya 1850 mhandisi John Elder wa Glasgow alianza kutengeneza kwa ajili ya meli injini inayoutumia mvuke mara mbili: ukitoka silinda ndogo yenye shinikizo kubwa, unaingia silinda ya pili iliyo pana zaidi na kusukuma tena. Matumizi ya makaa yakashuka sana, kwa baadhi ya meli karibu nusu.

Tufanye hesabu ya mfano, ya karatasi tu. Aden mpaka Unguja ni kama maili 1,750 za baharini. Kwa mwendo wa maili 10 kwa saa, hizo ni saa 175, siku saba na kidogo. Chukua injini ya nguvu farasi 800. Ya zamani tuiwekee kilo 2 za makaa kwa kila nguvu farasi kwa saa: 800 mara 175 mara 2, unapata tani 280. Ya mtindo mpya, kilo 1: tani 140. Hizo tani 140 ulizookoa, kwenda tu, si fedha pekee. Ni nafasi. Pale palipokuwa na makaa sasa unaweka pembe, karafuu, gundi na watu. Na tena makaa yenyewe yalisafirishwa mpaka Aden kutoka Uingereza, kwa hiyo kila tani uliyoichoma ilikuwa imeshalipiwa safari yake. Stima ya 1852 kwenye njia yetu ingekuwa ghala la makaa linalotembea.

Siku saba dhidi ya msimu mzima. Na siku hizo zilikuwa zile zile Januari na Julai, kaskazi au kusi.

Kuna kisa kinachoonesha tofauti hiyo vizuri kuliko hesabu yangu. David Livingstone alifariki mwanzoni mwa Mei 1873 kwa Chitambo, katika Zambia ya leo. Chuma, Susi na wenzao waliubeba mwili wake kwa miguu mpaka Bagamoyo, wakafika Februari 1874. Miezi tisa. Ukavushwa Unguja, ukapakiwa stima ya posta mpaka Aden, kutoka hapo ukachukuliwa na meli ya P&O iitwayo Malwa, na katikati ya Aprili ukateremshwa Southampton. Bahari yote hiyo, kutoka kwetu mpaka Uingereza, haikufika miezi miwili. Waliobeba mzigo mgumu ni wale wa miguu, na ni Jacob Wainwright mmoja tu kati yao aliyesafiri na mwili mpaka mazikoni.

Turudi kwa Barghash, maana watu humdharau bila sababu. Alielewa mapema sana kilichotokea. Alinunua stima zake mwenyewe, kadhaa, zikabeba mizigo na abiria kati ya Unguja na Bombay kwa kushindana na BI. Aliagiza Scotland meli ya fahari, Glasgow, iliyomalizika 1878. Mwaka 1879 waya wa simu wa chini ya bahari ulifika kutoka Aden, na habari iliyochukua wiki ikachukua saa. Mackinnon naye alikuwa ameanza kutaka zaidi ya mizigo: mwaka 1877 alimwomba Sultani amkodishe pwani yote ya bara, forodha na utawala, kwa miaka 70. Mazungumzo yalivunjika. Yalirudi kwa sura nyengine miaka kumi baadaye, wakati Wajerumani wameshaingia bara na Barghash hana tena nguvu ya kukataa. Kutokana na makubaliano hayo ya 1887 ikazaliwa Imperial British East Africa Company, iliyotawala sehemu ya Kenya ya leo na Uganda mpaka ikaishiwa fedha na kukabidhi kwa serikali mwaka 1895. Yaani mwenye meli za barua akageuka mwenye nchi, japo kwa muda mfupi na kwa hasara.

Kwa nini stima za Barghash hazikuishinda BI? Wengi husema Sultani hakujua biashara. Mimi siamini. Alijua biashara kuliko wengi. Alichokosa ni kile kile alichokigundua Mackinnon: ruzuku ya posta. Ofisi ya posta ya Unguja iliyofunguliwa 1875 ilikuwa tawi la posta ya India, kwa stempu za India. Barua hazikuwa zake hata kama ziliandikwa na raia wake. Meli isiyo na barua lazima iishi kwa mizigo, na miaka ya mizigo mibaya humaliza hata tajiri. Alifariki Machi 1888, na biashara ile ya stima haikuishi baada yake. Glasgow ilibaki bandarini, ikazamishwa na Waingereza tarehe 27 Agosti 1896 katika vita vile vya chini ya saa moja, na milingoti yake ikawa imechomoza majini mbele ya mji mpaka 1912.

Majahazi, kwa taarifa yako, hayakufa. Boriti, tende, chumvi na papa viliendelea kuja kwa tanga miaka mingi baadaye, maana upepo hauna bei. Stima ilichukua haraka na ghali, jahazi likabaki na zito na rahisi. Kilichoipunguzia Unguja hadhi ni Kilindini na reli iliyofika Kisumu 1901: bandari ya maji marefu yenye reli mgongoni, wakati kwetu meli kubwa zilitia nanga mbali na abiria wakateremka kwenye mashua, mizigo kwenye matishali.

BI iliungana na P&O mwaka 1914 lakini ikaendelea kwa jina lake na rangi zake: dohani nyeusi yenye mistari miwili myeupe. Halafu katika miaka ya 1930 barua zikaanza kupanda eropleni. Imperial Airways ilifika Mwanza mwaka 1931. Mzigo uliozipa meli jina ukaanza kuhama, na biashara ya njia ya Bombay na Afrika Mashariki ikazidi kuwaegemea watu, hasa abiria wa deki.

Abiria wa deki ndio waliojenga nusu ya mitaa ya Mji Mkongwe. Alinunua nafasi, si kitanda. Alikuja na godoro lake, mara nyengine na chakula chake. Juu walikuwa abiria wa daraja la kwanza. Chini kabisa, kwenye joto la tanuri, walikuwa wapiga makaa, wengi wao kutoka Punjab. Mabaharia wa sitaha, chini ya serahangi wao, walitoka pwani ya magharibi ya India. Wapishi na watumishi wa mezani walitoka Goa. Meli moja, na kila mtu daraja lake na nchi yake. Ukitaka kuielewa dola ya Kiingereza, tazama nani amekaa ghorofa gani.

Novemba 1942 meli iitwayo Tilawa iliondoka Bombay kuja Mombasa na kuendelea kusini mpaka Durban. Watu 958 kwa jumla, wengi wao Wahindi waliokuwa wakirudi majumbani au kuungana na familia zao Afrika. Usiku wa kuamkia tarehe 23 nyambizi ya Kijapani I-29 iliipiga torpido. Watu waliteremka kwenye mashua. Wengine, walipoona haizami, wakarudi juu. Ikaja torpido ya pili. Walikufa 280. Waliobaki walikaa majini mpaka manowari Birmingham ilipofika, na wachache wakaokolewa na meli Carthage. Siku 11 tu kabla, BI ilikuwa imempoteza Karanja, meli nyengine ya njia yetu, iliyokuwa imechukuliwa kwa vita na kupigwa na ndege pwani ya Algeria.

Tilawa ilikuwa pia na shehena ya fedha, madini yenyewe, vipande 2,364, mali ya serikali ya Afrika Kusini kwa ajili ya kutengenezea sarafu. Mwaka 2017 kampuni ya waokoaji wa mabaki iliivuta fedha hiyo kutoka kina cha kilomita 2.5 hivi. Hebu pima: kina hicho kina shinikizo la mara 250 ya hewa tunayoivuta hapa barazani, mzamiaji hawezi kufika, ni mashine tu. Ikafuata kesi, na Mei 2024 Mahakama ya Juu ya Uingereza ikaamua kwa upande wa Afrika Kusini. Kila kipande kilihesabiwa. Watu 280 walisubiri miaka 80 ndipo familia zao zikakusanyika Mumbai kuwakumbuka hadharani. Sisi wa visiwa hivi, tangu Septemba 2011 na Spice Islander, tunajua uchungu wa kubishania hesabu ya watu waliokuwa ndani ya meli.

Baada ya vita BI ilileta meli mpya mbili kwa njia ya Bombay, Kampala ya 1947 na Karanja mpya ya 1948, na kwa njia ya London Kenya na Uganda. Mzee wetu anazikumbuka Kampala na Karanja kwa macho. Anasema ulikuwa ukiona ile mistari miwili myeupe kabla ya kuona meli yenyewe, na mahamali wakaanza kushuka Malindi bila kuitwa. Nilimuuliza kama zilikuwa zikileta barua. Akafikiri. "Zilileta vitunguu," akasema. "Na nguo. Na watu, watu wengi."

Kampala ilivunjwa 1971. Karanja iliuzwa kwa India 1976, ikapewa jina la Nancowry, na huo ukawa mwisho wa BI kwenye njia ya Bombay.

Kazi ya nyumbani ilirudi na alama nane kwa kumi. Mwalimu aliikata "meli" kwa wino mwekundu na kuandika pembeni kwamba ni neno la Kiswahili. Mtoto anataka nimwandikie mwalimu barua. Nimemwambia aipeleke mwenyewe kwa mkono, kwa miguu, maana meli hakuna.